Nani Kamfuta Jogoo wa Mama?

Mjomba wangu alihamia Maskati kabla sijaanza shule. Kuandika barua alikuwa hapendi, kwa hiyo alituma kanda. Kila baada ya miezi michache mtu aliyetoka Oman angepita nyumbani kwetu Tanga, Ngamiani, na bahasha ngumu, ndani yake mna kaseti iliyoandikwa kwa wino upande wa A: "Kwa Dada." Jioni tukikusanyika sebuleni. Redio kaseti huwekwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, bibi hujitanda kanga vizuri kana kwamba mwanawe anaingia mlangoni, kisha kitufe kinabonyezwa. Asalaam aleikum nyumba nzima.

Watu wazima walisikiliza salamu, habari za kazi, fedha zimepitia mkono wa nani. Sisi watoto tulikuwa na letu. Nyuma ya mjomba palikuwa na mvumo usiokatika, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, na mara mojamoja honi za magari. Kaka yangu alishikilia kuwa hiyo ndiyo bahari ya Uarabuni. Mimi nilisema ni upepo wa jangwani. Miaka mingi baadaye nikaja kujua kuwa ilikuwa AC. Nchi ya kwanza ya ng'ambo niliyoijua ilikuwa mvumo wa kiyoyozi.

Siku hizi mimi ndiye niliyeko ng'ambo. Naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Nilianza kwa kubeba boksi kama wenzangu, sasa nina kazi ya kukaa, na usiku naandika hadithi. Mama haniandikii, ananitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Kwa miaka kadhaa kila ujumbe ulikuja na nyumba nzima ndani yake: jogoo, mbuzi ya nazi ikikwaruza, adhana ya msikiti wa mtaa wa pili, vikombe vya muuza kahawa vikigongana. Kisha dada akamnunulia simu mpya, nzuri kuliko yangu. Sauti ya mama ikawa safi mno. Nyuma yake kukawa kimya.

"Mama, jogoo mmemchinja?"

"Jogoo yupo, tena ananipigia kelele hapa hapa nilipo. Humsikii?"

Simsikii. Nikajiuliza nani kamfuta, na jibu likanipeleka mbali kuliko nilivyodhani, mpaka kwenye kichwa changu mwenyewe.

Tuanze na simu. Simu nyingi za sasa zina maiki zaidi ya moja. Moja iko karibu na mdomo, nyingine huwekwa mbali nayo, juu au mgongoni. Mama akisema, sauti yake inafika kwa nguvu kwenye ile ya chini na kwa udhaifu kwenye ile ya juu, lakini jogoo aliyeko uani anafika kwenye zote mbili karibu sawasawa. Simu inalinganisha na kukata hesabu: kilichofika sawa pande zote ni cha mbali, na cha mbali ni kelele, kiondolewe. Juu ya hapo ipo programu iliyofundishwa kutambua mwendo wa maneno ya binadamu, ambayo hupunguza kila kisichofanana na maneno. Hakuna aliyekaa akasema "jogoo wa Tanga asisikike". Aliyetengeneza simu aliwaza mtu aliyesimama stendi ya mabasi anataka kusikilizana na mwenzake, na kwa mtu huyo kazi imefanyika barabara. Kwa mhamiaji, kilichotupwa ndicho alichokuwa akikisubiri.

Na uchoyo huu wa simu ni wa tangu zamani. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Simu ya waya ilipitisha kati ya 300 na 3,400 tu, kwa sababu hicho ndicho kipande kinachotosha maneno kueleweka, na waya ni gharama. Sasa sikiliza ajabu yake. Sauti ya mwanamke mtu mzima kwa kawaida hutetema kama mara 200 kwa sekunde, ya mwanamume mara 100 na kitu. Zote ziko chini ya 300. Maana yake ule mtetemo wa msingi, ule unaoifanya sauti iwe nzito au nyembamba, karibu haukupita kabisa kwenye waya. Kilichopita ni mitetemo inayopanda juu yake, mara mbili yake, mara tatu yake, mara nne, na ubongo ukipewa ngazi hizo za juu huijenga ngazi ya chini wenyewe. Wote waliowahi kwenda kwenye kibanda cha simu kuongea na mama zao walisikia sauti ambayo sehemu yake waliitengeneza wao.

Nilipolijua jambo hilo nilikaa kimya muda. Nilikuwa nikidhani chombo huleta na mimi hupokea. Kumbe sikuzote nilikuwa najazia.

Kabla ya kanda kulikuwa na santuri, nayo ilikuwa na ukali wake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodiwa, na upande mmoja wa santuri za siku zile ulibeba kama dakika 3 za muziki. Mtu aliyewahi kukaa kwenye taarabu anajua dakika 3 ni nini: wimbo bado haujakaa vizuri, mtunzaji wa kwanza bado hajasimama na noti yake. Studio haikuwa na wa kutunza wala wa kuitikia kwa "eeh!" kutoka viti vya nyuma. Santuri zikarudi Unguja, zikapigwa, na waliozisikiliza wakaweka ukumbi wao ndani yake.

Kuna kosa moja la kanda ninalolipenda kuliko ufundi wake wote. Kanda ikikaa miaka imeviringishwa, sumaku ya mzunguko mmoja huvujia mzunguko ulio juu yake. Ukiipiga baada ya muda mrefu unasikia mwangwi hafifu wa neno kabla neno lenyewe halijasemwa. Kanda moja ya mjomba ninayo hapa Leeds. Kabla hajasema "Asalaam aleikum" anasikika kwa mbali akisema "Asalaam aleikum".

Hivyo ndivyo kumbukumbu nazo zinavyovujiana, ingawa kwa njia nyingine kabisa. Mwanasaikolojia wa Cambridge, Frederic Bartlett, alieleza katika kitabu cha mwaka 1932 jinsi alivyowapa Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Amerika Kaskazini kisha akawataka waisimulie tena baada ya dakika, siku na miezi. Mtumbwi ukageuka mashua. Mambo ya mizimu wasiyoyaelewa yakadondoka au yakapata maelezo ya kizungu. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja aliijenga hadithi upya kwa matofali ya kwao.

Mwaka 2000 Karim Nader, aliyezaliwa Cairo na kukulia Canada, akiwa na wenzake New York, alionyesha kwa panya kitu kinachotisha zaidi. Panya walifundishwa kuogopa mlio fulani kwa kuambatanishwa na shoti ya umeme. Baadaye walikumbushwa mlio, na papo hapo sehemu ya ubongo inayohusika na woga ikapigwa dawa inayozuia seli kutengeneza protini. Woga ukapungua sana. Waliopigwa dawa bila kukumbushwa, woga wao ulibaki vilevile. Tafsiri yake ni kwamba kumbukumbu ikishafunguliwa huwa laini kwa muda, kama udongo uliomwagiwa maji, na lazima ikauke upya. Ikikauka upya inaweza kukauka na alama ya kidole cha leo. Kutoka panya hadi binadamu ni safari, na watafiti bado wanabishana ni kumbukumbu zipi hulegea na lini. Lakini kwa mtu wa ughaibuni wazo hili lina uchungu wa pekee, maana sisi hatuna kazi nyingine usiku ila kufungua na kufunga.

Nina ushahidi wangu. Niliandika hadithi fupi ambayo ndani yake mna mwembe mkubwa katikati ya ua wetu, bibi akichambua mchele chini yake. Nikamtumia dada.

"Mwembe gani huo?" akanipigia. "Uani kwetu kulikuwa na mpapai, tena ulikatwa."

"Dada, mwembe. Ulikuwa na kamba ya kuanikia."

"Kamba ilifungwa kwenye nguzo ya choo. Uliza mama."

Mama akasema mpapai. Wiki nzima nilihangaika na mwembe wangu, hadi nikatambua umetoka wapi: mchezo wa redio. Zamani Redio Tanzania ilikuwa inaingia kila nyumba, na katika mchezo mmoja kila jambo kubwa lilitokea chini ya mwembe. Mimi niliusikiliza nikiwa nimelala mkekani uani, na miaka zaidi ya ishirini ya baridi ilitosha kuung'oa ule mti redioni na kuupanda nyumbani. Wataalamu wa kumbukumbu wana maelezo yake: tunahifadhi kitu kwa urahisi kuliko tunavyohifadhi tulikitoa wapi. Picha, filamu, stori ya jirani, ndoto, vyote huwekwa kwenye ghala moja bila lebo. Mtu anayeishi alikokulia husahihishwa kila siku. Akipita uani anauona mpapai. Aliyehama hana wa kumsahihisha ila dada mwenye salio la simu.

Hadithi nimeiacha na mwembe wake. Nitalirudia hili.

Jambo lingine linalowachanganya wengi ni kwa nini miaka fulani hung'aa na mingine ni giza. Watu wazima wakiulizwa habari za maisha yao hukumbuka kwa wingi mambo ya ujana, takriban miaka 10 hadi 30. Watafiti Robert Schrauf na David Rubin walipowachunguza watu waliotoka nchi za Kihispania wakahamia Marekani wakiwa watu wazima, walikuta mlundikano huo unasogea kufuata umri waliohama. Aliyechelewa kuhama alikuwa na kumbukumbu nyingi za kipindi cha kuhama. Kila kitu kilikuwa cha mara ya kwanza tena, kama utotoni. Kwangu ni kweli tupu. Naweza kukueleza basi la kwanza nililopanda Leeds, rangi ya tiketi, harufu ya koti la mtu aliyekaa mbele yangu. Mwaka wa sita huku sikumbuki lolote.

Na lugha nayo ina funguo zake. Viorica Marian na Ulric Neisser, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliwahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell waliohamia Marekani kutoka nchi za Kirusi. Wakihojiwa kwa Kirusi walileta zaidi matukio yaliyotokea kwa Kirusi. Kwa Kiingereza wakaleta zaidi ya Kiingereza. Niliyaelewa haya siku nilipolazimika kumweleza mtaalamu mmoja wa hapa habari za kifo cha baba. Kwa Kiingereza nilitoa tarehe, ugonjwa, hospitali, umri. Nikatoka nikaona nimemaliza. Usiku nikaanza kulisimulia upya kichwani kwa Kiswahili na ndipo zikaja kanga za mama wadogo zilizofungwa kiunoni, sufuria la kukodi lililokuwa na namba ya rangi nyekundu ubavuni, na mzee mmoja aliyekuwa akisema "ndiyo dunia" kila baada ya dakika kumi.

Kwa hiyo nikisikia watu wakishangaa kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, kaandika habari za pwani yetu kwa Kiingereza, mimi nashangaa upande wa pili: ni kazi gani hiyo, kuchota kutoka kisima kimoja kwa ndoo ya kisima kingine! Alifika Uingereza kijana mwishoni mwa miaka ya 1960 na hakuweza kurudi Zanzibar hadi 1984. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, Tuzo ya Nobel ikaja 2021. Ile riwaya yake ya 1994 ilisubiri hadi 2022 kusomeka kwa Kiswahili, kama *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nilipoisoma kwa lugha hii nilipata hisia ya ajabu, kama mtu aliyerudishiwa kanda yake ikiwa imepita mikono ya mafundi wawili.

Je, kuhama kunamfanya mtu mbunifu, au tunajifariji tu? William Maddux na Adam Galinsky walichapisha utafiti mwaka 2009 wakitumia fumbo la zamani la mwanasaikolojia Karl Duncker. Unapewa mshumaa, kiberiti na boksi la pini. Ubandike mshumaa ukutani uwake bila kudondosha nta sakafuni. Watu huhangaika kuchoma pini kwenye mshumaa. Jibu ni kumwaga pini, kulipigilia boksi lenyewe ukutani na kuusimamisha mshumaa ndani yake. Waliowahi kuishi nchi ya kigeni walilipata jibu kwa wingi zaidi. Waliosafiri tu, hata safari nyingi, hawakupata faida hiyo. Na kilichoonekana kuleta tofauti ni kujizoesha, yaani kubadili namna ya kuishi kufuata wenyeji.

Nilicheka peke yangu niliposoma. Kumbe hata maprofesa wanajua kwamba siri ya ughaibuni iko kwenye boksi.

Lakini fumbo lina maana. Ugumu wake ni kwamba boksi umeshaliona kama la kuwekea pini, na jicho halikubali lifanye kazi nyingine. Ukihama, kila siku unalazimishwa kuona kitu kwa kazi ya pili. Mkate wa kumimina unataka moto juu na moto chini. Hapa makaa hakuna, ukagundua ile sehemu ya juu ya oveni inayochoma nyama inaunguza sura ya mkate vizuri tu. Tahadhari moja: waliofanyiwa utafiti ule walikuwa zaidi wanafunzi wa vyuo, wengi wa shahada za biashara, watu waliohama kwa ndege na karatasi kamili. Aliyevuka jangwa kwenye lori naye anajifunza kutumia kila kitu kwa kazi ya pili, ila sidhani kama ana nafasi ya kuuita ubunifu.

Na tusidhani njia ni ya kwenda Ulaya tu. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akatamba na Super Matimila. Gitaa alilokuja nalo lilikuwa la kwao, Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, na muziki wake akauita ubongo beat, wa kichwani. Aliona Dar kama mgeni anavyoona: maskini, foleni, kifo, ugonjwa uliokuwa haunenwi. Wenyeji walikuwa wameshayazoea kama wanavyozoea jogoo. Leo ukipanda daladala ukisema "Sinza kwa Remmy", konda anajua pa kukushusha.

Hapa ndipo naurudia mwembe wangu. Kwa muda niliona aibu nao, kama mtu aliyekamatwa na noti bandia. Sasa naona ulifanya kazi ileile inayofanywa na sikio kwenye simu ya waya. Ngazi za juu zilifika: bibi, mchele, ungo, jua la saa kumi. Ya chini haikufika, nikaijenga. Ningekuwa Ngamiani nisingeandika mwembe, na pengine nisingeandika hadithi yenyewe, maana mpapai uliokatwa hauna cha kuniambia nikiupita kila asubuhi nikienda dukani.

Hata hivyo ujenzi huo una ada yake. Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu mjini Basel, alibuni neno nostalgia mwaka 1688 kama jina la ugonjwa wa Waswisi walioko mbali na kwao. Karne iliyofuata mwanafalsafa Rousseau aliandika kwamba wimbo wa wachunga ng'ombe wa milimani ulipigwa marufuku kati ya askari wa Kiswisi, adhabu yake kifo, kwa kuwa wakiusikia walilia, wakatoroka au wakafa. Alisema wazi kuwa nguvu haikuwa kwenye muziki wenyewe. Mgeni akiusikia haumfanyi lolote. Mimi wimbo hauniumizi hivyo. Mnipe vikombe vya kahawa vikigongana, ndipo mtanitafuta.

Mwezi uliopita nikamwomba mama jambo. Afungue rekoda ya simu, aiweke barazani, aondoke zake.

"Niseme nini?"

"Usiseme kitu, mama. Iache tu."

Ikaja faili ya dakika 11. Nikazima taa, nikavaa spika za masikioni. Bodaboda. Bodaboda nyingine. Televisheni ya jirani, tamthilia ya Kituruki, mwanamke anafoka kwa Kiswahili fasaha cha Dar. Muuza kahawa hakupita. Labda hapiti tena. Dakika ya saba jogoo akawika mara moja, kwa mbali, kama aliyekumbushwa. Kisha sauti ya mama, hajui kuwa simu bado inasikiliza, anaongea na jirani mlangoni.

"Kasema nimrekodie kuku."

"Kuku?"

"Kuku. Mtu mzima. Ndiyo baridi hiyo, mwenzangu."